Ukuta wa Nyuma wa Mama Kalondu

Kwaru, kwaru, kimya kidogo, halafu kwaru tena. Wengine wakikumbuka Emali wanakumbuka honi za malori yakikata kona ya kwenda Loitokitok, au makanga wakigombania abiria. Mimi nasikia kijiko cha chuma kikikwangua chini ya sufuria, polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Niliisikia karibu kila mchana, wateja wakishakula na hoteli ikitulia, nikiwa nimejilaza kwenye stoo juu ya magunia ya ndengu, rangi imenikauka kwenye kucha. Nilidhani ni kuosha vyombo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kwa mtu wa umri huo kila sauti inayotoka jikoni ni ya vyombo.

Wiki iliyopita nilikuwa juu ya ngazi hapa Kitui mjini, naandika jina la duka la dawa za mifugo, simu ikalia. Alikuwa Kalondu, binti wa mwenye hoteli ile ya Emali. Hakulia. Alisema tu, "Mwende, Mama ametuacha," halafu akauliza kama nitakuja, kana kwamba ningeweza kukataa. Nilishuka. Mwenye duka akaniambia, "Sasa fundi, unaniachia neno nusu?" nikamwambia nimefiwa na mama. Akanipa pole kwa mikono miwili. Mama Kalondu hakunizaa. Lakini nilikula kwake mwaka mzima, nikalala kwake, na mbele ya wageni nilimvua nguo bila kumgusa. Ndiyo maana basi langu lilipotoka Kitui kwenda upande wa Makueni sikuona njia. Uso ulikuwa unaniwaka kama ni jana.

Nilifika Emali nikifuata kazi ya rangi. Shule ilikuwa imeishia kidato cha pili, lakini mkono wangu ulikuwa haujaishia popote. Fundi Mutua, mzee wa kuandika mabango, alinipa brashi siku ya kwanza, nikamwandikia "Nyama Choma" bila kuchora mistari ya penseli, akasema, "Asi! Huyu msichana herufi zake zinasimama kama askari." Akanichukua. Kazi yetu kubwa ilikuwa ya makampuni. Mtu yeyote aliyepita barabara ya Mombasa anaijua kazi hiyo hata kama hajawahi kuifikiria: kampuni ya simu inakuja, inapaka duka lako kijani bure, kampuni ya sabuni inapaka la jirani buluu, ya unga inapaka nyekundu. Mwenye duka anashukuru, kampuni inapata tangazo. Lakini wanalipia ukuta mmoja tu, ule unaoonwa na barabara. Ukifika pembeni ya nyumba, rangi inakatika kama imekatwa kwa kisu, na nyuma ni matofali, moshi na mabati yenye kutu. Mji mzima ulikuwa hivyo, umevaa shati zuri lisilo na mgongo.

Mimi nilipenda migongo. Sijui kwa nini, labda kwa sababu mbele kila kitu kilikuwa kimeshaandikwa. Nyuma kulikuwa na kamba za nguo, mitungi ya maji, choo chenye mlango wa gunia, mapipa, paka, maji ya vyombo yakijitafutia njia kuelekea reli. Nilichora hayo kwa rangi zilizobaki kwenye makopo, kwenye vipande vya silingibodi, kwenye maboksi. Nikimaliza kazi ya Mutua nilikuwa nazunguka nyuma ya nyumba za watu na brashi mbili mfukoni, nikiimba. Nilikuwa na ndoto kubwa siku hizo. Nilijiona siku moja nimeweka picha hizo kwenye ukumbi mkubwa, watu wamevaa vizuri wamesimama mbele ya choo cha Emali wakitikisa kichwa.

"Unachora nini hapo, mwiitu?" Mama Kalondu aliniuliza, akiniita msichana kwa Kikamba, siku ya kwanza aliponikuta nyuma ya hoteli yake nikiuchora ukuta wenyewe.

"Choo cha jirani, mama."

"Choo." Aliangalia picha, akaangalia choo, akaangalia picha tena. "Rangi ya watu unamalizia kwa choo? Na hujaweka hata nzi!" Akacheka mpaka akashika mlango. Halafu akaniuliza ninalala wapi. Nikamwambia kwa Mutua, kwenye mabanda ya ngazi. Akasema, "Aca, msichana hawezi kulala na ngazi," na jioni hiyo nikahamia stoo.

Hoteli yake ilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu na benchi, na jikoni nyuma. Wateja wake walikuwa wapakiaji wa magunia, madereva, na wanawake waliouza ndengu karibu na stesheni. Alipika muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ugali, sukuma, na siku za soko nyama. Watu walipenda kumchokoza.

"Mama Kalondu, leo muthokoi iko?"

"Iko. Lakini wewe kwanza osha hiyo mkono, ama unataka kula na simenti?"

"Mama, niongezee kidogo, mimi ni mtoto yako."

"Watoto yangu nikihesabu hapa wako na ndevu wote!" Lakini aliongeza. Nilimwona akiongeza kila mara, upawa juu ya upawa, mpaka sufuria ikabaki inang'aa chini. Sisi wa nyumbani, mimi na Kalondu binti yake, tulikula mwisho, na sahani zetu hazikuwahi kuwa ndogo. Yeye hakukaa nasi. Ukimwambia, "Mama, njoo basi tule," alikuwa na jibu moja: "Mimi nilikula mapema." Alilisema akifunga kilemba au akifuta meza, jepesi hivyo, na sisi tukaendelea kumeza.

Siku niliyojua, sikuwa natafuta kujua. Nilitoka stoo kwa mlango wa nyuma nikitaka kuona mwanga wa mchana unavyoangukia kamba za nguo. Alikuwa amekaa juu ya mtungi wa plastiki uliopinduliwa, kwenye kona ya ukuta, sufuria kubwa kati ya magoti, anakwangua ukoko. Alikuwa amevua kilemba. Alikula polepole, kwa heshima kabisa, kama mtu aliyealikwa. Alikuwa anaangalia reli, na uso wake ulikuwa umepumzika kwa namna ambayo sikuwahi kuiona mbele ya wateja. Sikukohoa. Nilirudi ndani kinyumenyume, nikakaa juu ya magunia, na aibu yangu ni hii: badala ya kufikiria chakula, nilifikiria jinsi goti lilivyobeba sufuria.

Nilimchora. Nilitumia siku nyingi, akienda sokoni au kanisani. Kufikia wakati huo ukuta wa nyuma ulikuwa umejaa picha zangu: choo, paka, kamba, tangi la stesheni. Yeye nilimweka chini kabisa, kwenye kona yake mwenyewe, mahali kuni zilipopangwa. Nilisogeza kuni, nikachora, nikarudisha kuni. Nimejitetea miaka mingi kwamba nilikuwa mtoto, kwamba nilimchora kwa upendo, na yote mawili ni kweli. Lakini kama sikujua ni siri, kwa nini nilirudisha kuni?

Kalondu alikuwa amepata mchumba, fundi wa pikipiki kutoka Mbumbuni, kijana mpole mwenye masikio makubwa. Ikapangwa siku ya ntheo, ile siku watu wa kwao wanaleta mbuzi kwa kina msichana, na baada ya mbuzi kuchinjwa na kuliwa, mtu yeyote akiuliza Kalondu ni wa nani anajibiwa. Mama Kalondu alibadilika. Alisugua meza kwa majivu. Aliazima vikombe kwa wamama wa kanisa, akafua vitambaa vya kusuka na kufunika kila kitu, mpaka redio. Jioni moja nilimsikia akiongea na Mama Mbithe, jirani wa upande wa choo, wakichambua ndengu mlangoni.

"Watu wa Mbumbuni wana mdomo," Mama Mbithe alisema. "Wakifika watahesabu mpaka misumari ya mabati."

"Wahesabu. Lakini hawatasema Kalondu ametoka kwa nyumba ya njaa. Hiyo hawatasema."

Nikaruka kutoka stoo. "Mama, nitakupakia mbele! Kijani iko imebaki kwa Mutua. Itang'aa, wataiona wakiwa bado mbali!"

Alinitazama kama nimempa shamba. "Itakauka kabla ya Jumamosi?"

"Itakauka, mama."

Nilipaka Ijumaa. Tapentaini ya kuchanganya ilikwisha katikati ya ukuta, na Mutua alikuwa ameenda msiba. Nikachukua mafuta ya taa ya stovu yetu. Rangi ikawa laini ajabu, ikateleza yenyewe, nikafurahi, nikafikiri nimegundua kitu ambacho mafundi wote hawajui. Kijani kidogo kilichobaki nikaenda nacho nyuma, nikasogeza kuni, nikampa Mama wa kwenye picha gauni zuri la kijani, kwa sababu nilikuwa nimemchora na lile la jikoni lililochanika. Nilitaka awe amevaa vizuri kwa ntheo. Nikarudisha kuni, mbali kidogo na ukuta. Ninacheka nikiandika hivyo, na si kicheko kizuri.

Asubuhi kulikuwa na manyunyu. Wamama wa kanisa walifika mapema kupika, moto ukawashwa nyuma, na chakula cha ntheo si cha kuni chache. Walikuwa wakichukua kuni kwenye kona, kigogo baada ya kigogo, na mimi nilikuwa mbele nikigusa ukuta kwa kidole na kidole kinarudi kijani. Mutua alipita akielekea kazini, akanusa mara moja tu. "Umeweka mafuta ya taa?" Nikatikisa kichwa ndiyo. "Basi hiyo haikauki, msichana. Hiyo inalala tu."

Wageni wakaja wakiimba. Wanawake wetu wakawazuia kama kawaida, wakawatania, wakawauliza kama wamepotea njia ya soko, wakaimbishana. Mbuzi mmoja akajikuna ukutani, akatoka ubavu wote kijani. Watu wakapiga kelele za kicheko. Shangazi wa bwana harusi, mama mrefu aliyeitwa Syombua, akanyoosha mkono kushika mlango, na hapo ndipo mimi, mwenyewe, kwa sauti ya furaha, nikapiga kelele: "Msiguse, iko mbichi! Pitieni nyuma! Pitieni huku nyuma!" Na nikawaongoza. Nilitembea mbele yao nikionyesha njia kwa mikono miwili, mpaka nilipopinda kona nikaona kuni zimeisha.

Kwanza walifurahia picha. "Angalieni tangi! Angalieni paka!" Walikuwa wanacheka vizuri. Halafu Syombua akainama.

"Na huyu aliyekaa hapa chini ni nani?"

"Anakula nini?" mwingine akauliza.

"Ukoko. Si unaona sufuria? Anakwangua ukoko."

"Uui, maskini. Amejificha."

Hakuna aliyesema jina. Hakukuwa na haja, kwa sababu uso ule nilikuwa nimeupata sawasawa, ndiyo ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Kalondu alikuwa amesimama mlango wa jikoni na trei ya vikombe. Aliangalia ukuta, akaweka trei chini.

Mama Kalondu akatoka jikoni katika gauni lake la kanisa, rangi ya maziwa, lenye kola. Aliona tulipokuwa tunatazama. Sikuwahi kuona hatua chache zikiwa safari ndefu namna ile. Akasema, "Karibuni, karibuni sana, mmefika salama?" akisalimia mkono hadi mkono, mmoja mmoja, huku akirudi kinyumenyume, mpaka akafika kwenye kona, akaweka mgongo wake ukutani, akabaki hapo.

Alibaki hapo siku nzima. Manyunyu yaliisha, viti vikapangwa huko huko nyuma, mbuzi akachinjwa, wazee wakaongea, nyama ikagawanywa. Aliletewa kiti, akasema miguu inataka kusimama. Aliletewa sahani, akaishika mkononi bila kula. Ilipofika saa ya kumfunika mama mzazi blanketi, Syombua akaita, "Mama, njoo mbele tukufunike!"

"Nifunikeni hapa."

"Huyu mama ana maringo! Anataka tumfuate!" Wakacheka, wakamfuata wakiimba, wakamzungushia blanketi pale ukutani, na yeye akacheza mabega tu, miguu haikusogea. Kwa watu wa Mbumbuni lilikuwa jambo la fahari. Nilisikia mzee mmoja akisema hapa tumepata wakwe wenye msimamo. Ntheo ilikwenda vizuri. Kalondu akawa wa kwao.

Walipoondoka ndipo alipotoka ukutani na kuvua blanketi. Mgongo wa gauni la kanisa, kutoka kiunoni mpaka chini, ulikuwa na doa kubwa la kijani. Lilikuwa na umbo. Ukisogea mbali kidogo ungeona mtu ameketi.

Kalondu alisema, "Mama. Ulikuwa unatuambia ulikula mapema."

"Nilikula. Ukoko si chakula?"

"Kila siku?"

"Kalondu, leo ni siku yako. Usiniharibie." Akaenda kuosha vikombe vya watu. Kalondu akanigeukia. Hakunitukana. Laiti angenitukana.

Mimi nilijificha stoo. Nilitaka kufunga nguo zangu nirudi Kitui, lakini hata kutoka mlangoni niliona aibu. Akaniletea chakula mwenyewe. Ilikuwa sahani imejaa, na nyama ya mguu, ile ambayo huwekewa mgeni. Akasimama akingoja nianze. Nikaanza.

"Mwende," akasema, "umenichora vizuri. Hata goti ni langu. Una macho mazuri." Akaondoa kipande cha rangi kilichokauka kwenye nywele zangu. "Lakini siku ingine, macho pia yabishe hodi."

Nilisugua ukuta ule kwa brashi ya waya na kuupaka rangi ya udongo, picha zote, na tangi, na paka. Yeye hakuniambia niufute, na hakuniambia niuache. Gauni halikutoka doa. Aliendelea kulivaa Jumapili akiwa amefunga leso nyuma, na wamama wengine wa kanisa wakaanza kufunga leso hivyo hivyo wakidhani ni mtindo. Nilitembea nyuma yake kwenda kanisani mpaka mwaka ukaisha, nikiangalia leso ile ikipeperuka na kuonyesha ukingo wa kijani. Na mchana nilijilaza kwenye magunia nikasikiliza. Sauti haikurudi. Ama alikula akiwa amesimama, mlango umefungwa, ama hakula kabisa. Kile kikao chake cha kuangalia reli, ile nusu saa ambayo hakuwa mama wa mtu yeyote, nilikuwa nimempokonya. Doa la gauni alilifunika. Hilo la kikao hakuna leso iliyolitosha.

Baadaye alifunga hoteli, akapata kashamba karibu na Kalondu huko Mbumbuni. Nilimtembelea mara chache, nikiwa na haraka ya uongo. Siku hizi bado nachora migongo ya nyumba, Jumapili, hapa Kitui. Nabisha kwanza. Wengi wanakataa, na nikikataliwa nashukuru kama nimepewa.

Nilipofika matangani Kalondu alinipeleka chumbani. Walikuwa wanapanga nguo za marehemu. Akatoa lile gauni la maziwa. Nyuma lilikuwa limekatwa na kushonewa kitambaa kingine, cha maua, kwa mkono wa Mama mwenyewe, mishono midogo midogo.

"Hakuwahi kulitupa," Kalondu alisema. Halafu, bila kuniangalia: "Ile picha uliifuta yote?"

"Yote."

"Tumetafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza. Hakupenda kupigwa picha. Iko ya kitambulisho tu, na hapo amekasirika." Akakunja gauni. "Ile alikuwa ametulia."

Nilimshika mkono, naye akaniachia nikaushika.

Tulimzika. Watu wakala muthokoi na ndengu, foleni ndefu, na vijana wa boda wakarudi mara ya pili na hakuna aliyewakatalia. Nilipakua mpaka upawa ukagonga chini. Watu walipoenda kukaa kivulini kusikiliza kwaya, nilisema nitaosha sufuria. Niliiburuta nyuma ya jikoni la Kalondu, ambako kuna ukuta wa matofali usio na rangi na mtungi wa maji mtupu. Nikaupindua mtungi. Nikaketi, nikaweka sufuria kati ya magoti, nikafungua kilemba. Mbele yangu kulikuwa na mbaazi na kilima, reli haipo huko.

"Mwende!" Kalondu aliita kutoka upande wa mbele. "Njoo tumekuwekea chakula!"

"Nimekula mapema," nikajibu.

Ukoko ulikuwa mgumu pembeni na laini katikati, wenye chumvi na moshi. Nilishika kijiko vizuri, nikaukwangua polepole, wote, mpaka chini.